Kodi ikikushinda, omba muda kabla hujaomba hela

Kuna miezi minne ya maisha yangu ambayo nilikuwa nazijua hatua za mama mwenye nyumba kuliko hatua za mama yangu mzazi. Sitanii. Akitokea kwenye kona tu nishajua ni yeye, nazima taa, nanyamazisha simu, nakaa kitandani kama mwizi kwenye chumba ninachokaa kihalali. Nilifika mahali viatu naviingiza ndani ili mlangoni isionekane kama kuna mtu. Na yule mama si mkorofi hata kidogo, ndo ujue nilivyokuwa nimechanganyikiwa, maana'ake nilikuwa namkimbia mtu ambaye hajawahi hata kunipandishia sauti.

Naandika hii kwa sababu wiki iliyopita jirani yangu kaniuliza kwa kuzunguka zunguka, mara hali ya maisha, mara kazi siku hizi, nikamwambia ndugu yangu sema tu, ni kodi? Akacheka alafu akanyamaza. Nilimwelewa.

Kwangu ilianza kidogo kidogo kama kawaida. Kazini mshahara ukachelewa wiki mbili, alafu mwezi mzima, alafu tukaitwa kikao tukaambiwa tutalipwa nusu mpaka mambo yakae sawa, na mambo hayakukaa sawa. Mwezi wa kwanza nikaazima kwa dada yangu nikalipa. Mwezi wa pili nikaona aibu kurudi kwa dada, nikaingia kwenye simu nikachukua mkopo wa haraka, ule wa kubonyeza mara tatu hela imeingia. Nikalipa kodi kwa wakati, nikajiona mjanja kweli kweli. Mwezi wa tatu nina kodi na nina mkopo. Mwezi wa nne nina kodi, nina mkopo wa pili wa kulipia mkopo wa kwanza, na nina dada ambaye hapokei simu zangu kwa furaha kama zamani.

Hesabu yenyewe niliifanya baadaye sana, siku nilipopata ujasiri wa kushika kalamu. Chukulia umekopa hela sawa na kodi ya mwezi mmoja, riba asilimia 15 kwa mwezi, na kila mwezi unamudu kulipa riba peke yake. Miezi saba ikiisha umeshalipa asilimia 105, yaani kodi ya mwezi mzima imeondoka na chenji, na deni la mwanzo liko pale pale linakuangalia, halijapungua hata thumni. Mwenye nyumba wengi wao hawatozi riba ya asilimia 15 kwa mwezi. Kwaiyo nilikuwa nimehamisha deni kutoka kwa mtu wa upole nikalipeleka kwa mashine isiyojua huruma, alafu mtu wa upole ndo nikawa namkimbia!

Hapo ndo nilipokosea, na ndo kitu pekee nilichotaka kusema leo, mengine yote ni maelezo. Nilikuwa natafuta hela wakati nilichopungukiwa kilikuwa muda. Kazi nilikuwa nayo, nusu mshahara ulikuwa unaingia, kuna kazi ndogo ndogo za pembeni zilikuwa zinakuja. Kodi ningeweza kuilipa, ila siyo ile tarehe na siyo yote kwa mpigo. Hilo ni tatizo tofauti kabisa na la mtu ambaye hela haipo na haitakuja, na dawa zake ni tofauti, na mimi nikameza dawa ya ugonjwa usio wangu.

Aliyenitoa huko ni dada yule yule. Alikuja bila kupiga simu (angepiga ningemkwepa), akakuta viatu viko katikati ya chumba, akaelewa kila kitu. Hakunipa hela. Akasema lete karatasi. Tukaandika kinachoingia cha uhakika, siyo cha matumaini, alafu kinachotoka, alafu madeni yote mpaka yale ya kuaibisha. Zoezi la dakika ishirini tu lakini nilitoka jasho kuliko usaili wa kazi. Mwishoni ikaonekana kwamba nikibana, naweza kulipa kodi ya mwezi unaoendelea na robo ya kodi juu yake. Ndo uwezo wangu huo, robo.

Sasa sikiliza nilichofanya, maana binadamu tuna vituko. Nikaenda kwa mama mwenye nyumba, nilikuwa nadaiwa miezi miwili kamili, nikamwamkia, nikakaa, nikaanza: "Mama, naomba radhi, nitalipa yote ndani ya miezi miwili." Yaani nimetoka kuona kwenye karatasi kwamba uwezo wangu ni robo, nafika mbele ya mtu naahidi nzima! Aibu ndo inaongea pale. Mama akaniangalia akauliza swali moja tu, "Hiyo hela utaitoa wapi mwanangu?" Sikuwa na jibu. Nikatoa ile karatasi ya dada nikamwonyesha. Akaisoma polepole mpaka mwisho, akasema robo kwa miezi minane, sawa, ila usinifiche tena, na ukikwama niambie kabla ya tarehe siyo baada.

Miezi minane! Mimi niliyekuwa nazima taa.

Najua siyo kila mwenye nyumba ni yule mama. Wapo ambao ukiwaambia huna wanaona ndo nafasi ya kukutoa wapandishe kodi, na wapo ambao na wao wana mkopo wa benki juu ya nyumba hiyo hiyo, tarehe yako ikipita na yao imepita. Lakini fikiria kwa upande wake kidogo, mpangaji akitoka chumba kinaweza kukaa wazi mwezi au miwili, kuna kupaka rangi, kuna dalali, alafu anakuja mtu asiyemjua. Mpangaji anayelipa robo ya deni kila mwezi bila kukosa mara nyingi ni nafuu kwake kuliko chumba kitupu. Unaenda na hoja, siyo kwenda kulia tu. Kulia nako kunatokea, mimi nililia kidogo, lakini karatasi ndo iliyofanya kazi.

Mkikubaliana, andikeni. Hata meseji inatosha kuanzia, "mama kama tulivyoongea leo nitakuwa nalipa kiasi hiki kila tarehe hii mpaka mwezi fulani," na yeye akijibu "sawa" umepata ushahidi. Hili nalisema kwa uchungu kwa sababu mwezi wa tatu wa makubaliano nilimpa msimamizi wa nyumba hela taslimu mkononi, tunajuana, tunataniana kila siku, nikaona risiti ya nini. Hela haikufika. Sijui ilipotelea wapi na siku hizi nimeacha kutafuta, ila nililipa mara mbili. Tangu siku hiyo silipi chochote bila risiti au bila kupitia njia inayoacha alama, na anayenuna anune.

Kabla ya yote hayo kulikuwa na karatasi moja niliyoikuta imepenyezwa chini ya mlango, notisi. Niliikunja nikaiweka chini ya godoro kwa wiki mbili. Nilidhani notisi ndo mwisho, kesho wanakuja kutupa vitu nje. Nilipokuja kuongea na binti mmoja wa kituo cha msaada wa kisheria, aliisoma dakika moja akaniambia hii ni barua ya mwenye nyumba, siyo amri ya mahakama, ni vitu viwili tofauti. Barua inasema anachotaka yeye. Nchi nyingi kati ya hiyo barua na wewe kutolewa kuna hatua, kuna muda wa notisi, kuna shauri kufunguliwa, kuna siku ya kusikilizwa na wewe unaongea. Na kukubadilishia kitasa ukiwa kazini, kukukatia maji na umeme, kung'oa mlango, sehemu nyingi ni kosa hata kama kweli unadaiwa. Afrika Kusini wameliweka mpaka kwenye katiba yao ya 1996, kifungu cha 26, kwamba mtu hatolewi nyumbani kwake bila amri ya mahakama iliyoangalia mazingira yote. Kamati ya Umoja wa Mataifa ya haki za kiuchumi na kijamii nayo mwaka 1997 ilitoa maelezo marefu juu ya kufukuza watu kwa nguvu, inataka watu wapewe taarifa mapema, washirikishwe, wasitolewe usiku wala kwenye hali mbaya ya hewa bila wao kuridhia, na wasiachwe bila pa kukaa. Kwenye maisha ya kweli haya yanavunjwa kila siku, hilo najua, lakini kuyajua kunakupa uti wa mgongo unapoongea.

Alichonionya yule binti ni kwamba karatasi ikija yenye muhuri wa mahakama hiyo sasa usiiweke chini ya godoro hata siku moja. Watu wengi wanapoteza nyumba kwa sababu siku ya kusikilizwa hawakutokea, hakimu anasikia upande mmoja anaamua basi. Ukitokea, hata bila wakili, unaweza kuomba kulipa kwa awamu, na mahakama nyingi zinapenda watu wakipatana kuliko kuendesha kesi.

Nilipoanza kusoma soma habari hizi nikakuta kitu kilichonifurahisha, kwamba hata sheria za nchi zilizoendelea zikitaka kumsaidia mpangaji aliyekwama, nyingi zinampa muda kwanza. Ufaransa kuanzia tarehe 1 Novemba mpaka 31 Machi kwa kawaida hawamtoi mpangaji nje, baridi kwanza ipite. England na Wales tangu Mei 2021 kuna mpango wa mtu mwenye madeni kupewa siku 60 za kupumua, anayekudai hawezi kukusumbua wala kuendelea na hatua za kudai kwa siku hizo, ila kodi ya mwezi unaoendelea ulipe, usije ukadhani ni likizo. Ujerumani nao wana yao ambayo mimi naona ni ya akili sana, mpangaji aliyesitishiwa mkataba papo hapo kwa kudaiwa kodi akilipa deni lote ndani ya miezi miwili tangu apelekewe hati ya madai ya mahakama, ule usitishaji unafutika, na ofisi ya ustawi ikiahidi kumlipia inahesabika pia. Ila huwezi kuitumia kila mara, ukishaitumia inabidi miaka miwili ipite.

Sasa nisikudanganye, kuna hali muda peke yake hausaidii. Kazi imeisha kabisa, umeugua, aliyekuwa analeta hela amefariki au ameondoka. Hapo hela inahitajika na haitakiwi kuwa ya mkopo, na aibu inatufanya tuanze na mlango usio sahihi. Mimi ningeanza kazini kama kazi ipo, kuomba advansi ya mshahara, maana haina riba na bosi mwenye akili anajua mfanyakazi asiye na pa kulala hafanyi kazi. Alafu kikundi chako cha kuweka na kukopa kama unacho, vingi vina mfuko wa dharura ambao watu wanausahau wakifikiri ni wa misiba tu. Alafu nyumba ya ibada. Hapa watu wanasita kwa sababu hawasali sana, mimi nakuambia nenda, mara nyingi wana fungu la wenye shida na hawaulizi mara ya mwisho ulikuja lini (wakiuliza jibu ukweli, uongo kwenye nyumba ya ibada ni deni jingine). Alafu ofisi ya ustawi wa jamii ya eneo lako, na mashirika yanayosaidia wapangaji kama yapo. Marekani wana namba moja fupi, 211, unapiga unaelekezwa nani karibu yako anasaidia kodi. Ufaransa kila mkoa una mfuko wake wa mshikamano kwa ajili ya makazi, uliwekwa na sheria ya 1990. Kwingine hamna namba wala mfuko unaojulikana hivyo, unaulizia ofisi ya serikali ya mtaa na wao wanakuelekeza, au hawakuelekezi unarudi kesho yake.

Kwa wakili usiogope bei kabla hujauliza. Kenya wana sheria ya msaada wa kisheria ya 2016, Tanzania wana yao ya 2017, na vituo vya wasaidizi wa kisheria na vyuo vya sheria huwa vinasikiliza bure watu wasio na uwezo. Mimi nilikaa kwenye foleni asubuhi nzima, ndo gharama pekee niliyolipa.

Kote huko wataomba karatasi zile zile, na hapa ndo watu wanakata tamaa. Mkataba wa kupanga, kitambulisho, notisi kama ipo, risiti za nyuma, kitu cha kuonyesha kipato na kitu cha kuonyesha kipato kimeshuka, iwe barua ya kuachishwa kazi au cheti cha hospitali. Ziweke kwenye bahasha moja na uzipige picha kwenye simu. Huna mkataba wa maandishi? Wengi hatuna, meseji za kodi na kumbukumbu za malipo zinasaidia kuonyesha kwamba unakaa pale. Wakati wa korona Marekani walitenga zaidi ya dola bilioni 46 kusaidia watu kodi, lakini miezi ya mwanzo hela zikawa zinatoka kwa mwendo wa kinyonga, makaratasi yakiwa sababu mojawapo, mpaka Wizara ya Fedha yao ikasisitiza maafisa wakubali mtu ajieleze kwa maandishi yake mwenyewe pale ambapo hana ushahidi mwingine. Hela ipo, mwenye shida yupo, katikati kuna fomu!

Na ujue mara nyingi hiyo hela hupewi wewe, inaenda moja kwa moja kwa mwenye nyumba. Usikasirike. Kwanza inakuondolea kishawishi, na mimi najijua.

Matapeli nao wako kazini. Mtu akikuambia atakuunganisha na msaada wa kodi ila utangulize "ada ya fomu" au umpe namba ya siri ya simu yako, kimbia. Mwenye shida ndo anayeibiwa kirahisi kwa sababu anataka sana iwe kweli.

Ndugu nimewaacha makusudi. Kwa ndugu ukienda usiseme "nina hali mbaya naomba unisaidie chochote." Chochote ni neno baya, mtu hajui atoe ngapi, anatoa kidogo ya kukuondoa, na wewe umeshatumia nafasi yako. Sema kiasi, sema ni cha nini, sema utarudisha lini au sema wazi kwamba hutaweza kurudisha. Dada yangu aliniambia kilichomuuma siyo hela, ni kwamba nilisema "wiki ijayo" na wiki ijayo ikawa mwezi wa tatu.

Alafu kuna swali ambalo karatasi ya dada ililiuliza na mimi sikutaka kulisikia, hivi hii nyumba naiweza kweli? Ile kanuni ya kodi isizidi asilimia 30 ya kipato unayoisikia kila mahali haikushuka na malaika, ilitoka kwenye nyumba za umma Marekani, mwaka 1969 waliweka kikomo cha asilimia 25, mwaka 1981 wakapandisha ikawa 30. Kwaiyo usiichukue kama amri, wengi wetu tunaipita na tunaishi. Mimi nilikuwa kwenye nusu ya kipato, yaani hata bila mshahara kuchelewa ilikuwa ni suala la muda tu. Nilipomaliza ile miezi minane nilihama, nikaaga vizuri, nikapata sehemu ndogo zaidi. Kuhama kwa kupanga mwenyewe ukiwa huna deni na mwenye nyumba anakusifia kwa mwenye nyumba wa mbele, na kuhama usiku na godoro kichwani, ni safari mbili tofauti.

Yule jirani aliniomba nimwandikie meseji ya kumtumia mwenye nyumba wake, anasema akianza kuandika anajikuta anaandika historia ya maisha yake tangu darasa la kwanza. Tukaandika pamoja hivi:

"Habari za leo mzee. Kodi ya mwezi ujao sitaweza kuikamilisha tarehe tano kama kawaida, kazini wamepunguza siku zangu. Tarehe tano nitalipa nusu, na nusu iliyobaki tarehe ishirini nikipata malipo mengine. Naomba nije tuongee Jumamosi kama utakuwepo, nitakuja na barua ya kazini uione. Samahani kwa usumbufu."

Tarehe ilikuwa ishirini na nane, siku saba kabla. Akashika simu muda mrefu, akafuta "samahani kwa usumbufu," akairudisha, akatuma. Tukakaa kimya kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani. Baada ya kama nusu saa ikaingia: "Sawa, ila Jumamosi njoo mapema, saa nne natoka."

Na siyo kwamba mzee yule ni mpole, nimemwona.